Barua Niliyomsomea Susu

Mwezi uliopita niliingia duka la dawa kule Satellite, hapa Nairobi, kununua tembe za kichwa, nikamkuta mama mmoja akimpaka mtoto wake dawa ya tetekuwanga, ile ya rangi ya waridi inayokauka juu ya ngozi kama chokaa. Harufu yake ilinifikia kabla sijafunga mlango. Mhudumu aliniuliza mara mbili, "Nikusaidie na nini, dada?" nami nikabaki nimeshika meza bila kukumbuka nilichokwenda kutafuta. Kwa muda wa pumzi mbili tatu nilikuwa na miaka tisa, na Susu alikuwa amenipa mgongo akiniambia nimpake shingoni, pale mkono wake usipofika.

Susu ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita bibi. Susu wangu, mama yake mama, aliitwa Brijita Nduku. Kila asubuhi alijipaka dawa ile usoni, shingoni na mikononi kwa sababu jua lilimchoma vibaya. Aliuza sukuma wiki na vitunguu kando ya barabara Kawangware, chini ya mwavuli mkubwa uliopauka, na bado ikifika saa nane pua yake ilikuwa imebabuka. Wateja walimwita Mama Mzungu. Baba yake alikuwa mzungu kutoka Ailandi, nchi jirani ya Uingereza.

Aliitwa Denis Delaney. Alikuja nchi hii akiwa kijana, akawa fundi wa mashine kwenye shamba moja la mkonge upande wa Machakos, na wafanyakazi wakamwita Bwana Deleni kwa sababu ndivyo ndimi zao zilivyoweza. Mama yake Susu alikuwa akimfulia nguo. Wakapata mtoto, na mtoto akabatizwa Brijita, jina la kwao Bwana Deleni. Susu alipokuwa na miaka mitano shamba likauzwa, na Bwana Deleni akaenda zake. Susu alibaki na kumbukumbu mbili tu za baba yake: kwamba alipiga mluzi akitembea, na kwamba siku moja alimbeba mabegani kumwonyesha mashine inayosaga majani ya mkonge, na maji ya kijani yakawarukia wote wawili, wakacheka. Alinisimulia siku ile mara nyingi sana, na kila mara maji yalikuwa mengi zaidi.

Mama na mimi tuliishi Laini Saba, Kibera, chumba kimoja cha mabati hatua chache kutoka reli. Cherehani ya Mama ilikaa mlangoni ili apate mwanga. Mama alikuwa mweupe kiasi, watu wakamwita "pointi", yaani chotara. Mimi nilitoka mweusi kama baba yangu, ambaye simkumbuki, kwa hiyo nilipowaambia wenzangu shuleni kwamba mama wa mama yangu ni mtoto wa mzungu, walicheka hadi wakashika mbavu.

Aliyeniamini ni Akinyi peke yake. Mama yake aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, mtaa wa jirani wa Kisumu Ndogo, na kwao kulikuwa kisiwani, ndani ya ziwa. Mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba kisiwa kwa Kiingereza ni "ailandi", basi mimi nikajua kabisa: baba yake Susu na watu wa Akinyi walitoka mahali pamoja. Nilikuwa naingiza uso kwenye gunia la omena na kuvuta pumzi, nikiamini hiyo ndiyo harufu ya kwetu. Siku moja nikamwuliza mama yake Akinyi kama anawajua akina Delaney.

"Delaney?" Akacheka, mikono yake ikimetameta magamba. "Hakuna Delaney kwetu, mtoto wangu. Labda Odelani."

Nilikuwa na sababu ya kuuliza. Kila Desemba vichochoro vya Laini Saba vilibaki vitupu. Watu walifunga milango kwa kufuli, wakabeba magodoro na sukari, wakaenda kwao ushago. Akinyi alienda ziwani, majirani walienda Kitui, Kakamega, Siaya. Sisi tulibaki tukisikiliza mabati yakilia kwa joto. Wakirudi Januari waliniuliza, "Na nyinyi ushago yenu ni wapi?" Nilikuwa nasema Machakos. Nilisema hivyo mpaka tulipomzika mama yake Susu.

Huyo mama, baada ya Bwana Deleni kuondoka, alikuwa ameolewa na Mkamba mwenzake na kumzaa Mjomba Kyalo. Alizeeka sana. Alipofariki tulisafiri sote watatu, Susu akiwa na kitambaa kipya cheupe kichwani. Nakumbuka udongo mwekundu ulioshika viatu vyangu, na mipera nyuma ya nyumba, na jinsi nilivyojiambia kwamba Desemba ijayo nitapanda ule mkubwa. Baada ya kaburi kufunikwa, Susu alisimama pale akiangalia nafasi iliyokuwa kando. Akamwita ndugu yake.

"Kyalo, mimi mtaniweka hapa. Kando ya mama."

Mjomba Kyalo alivua kofia. Hakuwa na hasira hata kidogo. "Dada, hapa ni kwa baba yangu," akasema. "Wewe uko na baba yako."

Susu aliligeuzia kaburi mgongo. Alinishika mkono, tukatembea hadi barabarani kungoja gari, na kiganja chake kilikuwa baridi ingawa jua lilikuwa kali. Sikupanda mpera.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Kawangware kama kawaida. Nilikuwa natembea kutoka Kibera, navuka Ngong Road pamoja na watu wanaoenda vibarua, nafika Susu akiwa amekwisha kukata mboga mafungu kumi. Siku hiyo hakukata kitu. Alikuwa amekaa kitandani na kadi yake ya ubatizo magotini, imezeeka hadi inaonekana kama ngozi. Juu yake padri wa zamani alikuwa ameandika jina la baba, na jina la kijiji alichotoka, jina refu ambalo kila mmoja wetu alilitamka kivyake.

"Mwende, kuja hapa. Kizungu yako iko sawa?"

"Iko sawa, Susu. Nilikuwa namba mbili."

"Basi utaniandikia. Mama yako ataanza kulia, na mimi sitaki mtu wa kulia."

Katekista wa kanisa lao alikuwa amemshauri aandike kwa padri wa kile kijiji, maana mapadri huweka vitabu vya waumini. Niliandika kwa kalamu ya wino, kwenye karatasi niliyoichomoa katikati ya daftari, nikifuata jinsi tulivyofundishwa darasani: natumaini hujambo, kama mimi nilivyo mzima huku Kenya. Halafu nikaandika aliyoyasema Susu, neno kwa neno. Kwamba yeye ni Brijita, mtoto wa Denis. Kwamba hataki pesa, hataki shamba, na hana nia ya kumsumbua mtu. Anataka kujua baba yake alizikwa wapi, na kama kuna nafasi.

"Nafasi ya nini, Susu?"

"Andika tu nafasi. Wataelewa."

Barua ilipita kanisani, kwenye sanduku la posta la parokia. Tulingoja mvua za masika zikapita, baridi ya Julai ikapita. Kila Jumapili baada ya misa Susu alimwangalia katekista usoni, na katekista akatikisa kichwa taratibu, mpaka ikafika siku ambayo hakutikisa.

Bahasha ilikuwa nyembamba, na karatasi ndani yake ilikuwa nyeupe kiasi kwamba niliogopa kuishika kwa vidole vya vitunguu. Susu hakutaka kungoja Mama aje kutoka Kibera. Alinikalisha kwenye mtungi uliopinduliwa chini ya mwavuli, na Mama Wambo, jirani yake aliyeuza makaa, akaacha biashara yake akaja kusimama nyuma yangu. Wateja wawili nao wakasimama.

"Soma polepole," Susu akasema.

Nilisoma. Padri alishukuru kwa barua. Alisema Denis Delaney alirudi kutoka Afrika, akaishi na kaka yake hadi mwisho. Alizikwa hapo kijijini pamoja na wazazi wake. Mpaka hapo nilielewa kila kitu, na nilikuwa nikitafsiri kwa sauti kubwa kama mtu anayesoma habari redioni. Kisha nikafika kwenye sentensi moja: familia yake inasema kwamba alifariki "unmarried and without issue".

Neno la kwanza nililijua. Na ishu je, nani Nairobi hajui ishu? Ishu ni shida. Hakuna ishu ni hakuna shida. Vijana wa Laini Saba walisema hivyo asubuhi hadi jioni.

"Hakuoa," nikasema. "Na alikufa bila ishu yoyote."

Susu aliweka kisu chini. "Rudia."

"Hakuoa mtu mwingine, Susu. Na alikufa bila shida."

"Hakuteseka?"

"Hakuteseka. Bila ishu, wanasema."

Alifunika uso kwa leso. Mabega yake yalitikisika, nikadhani nimekosea, lakini alipoiondoa alikuwa anacheka na machozi yamechora mifereji kwenye ile dawa ya waridi. Maisha yake yote alikuwa ameambiwa kwamba baba yake lazima alikufa kifo kibaya, ama alizama na meli, ama alikunywa hadi akapotea, maana mtu mzima na akili zake angewezaje kukosa kurudi? "Mmeskia?" akamwambia Mama Wambo. "Hakuoa mwingine. Alikaa hivyo tu na mama yangu moyoni."

"Ngai amebariki," Mama Wambo akasema, naye akipangusa macho kwa mkono wenye makaa.

Ilibaki sentensi ya mwisho. Ilikuwa na maneno marefu ambayo sikuyajua, na watu walikuwa wananiangalia kama mtu mkubwa. Niliisoma kwa Kiingereza, haraka, nikakunja karatasi. Hakuna aliyeniuliza.

Susu aliweka misa ya shukrani. Alipika chapati, akawaita majirani, na katekista akasema maneno mazuri kuhusu damu isiyopotea. Mama aliiomba ile barua aione, lakini Susu alikuwa amekwisha kuishona ndani ya mfuko wa kitambaa pamoja na kadi ya ubatizo, na Mama hakupenda kumfumulia mwenyewe mshono. Nimewaza sana juu ya huo mshono. Mama alikuwa na Kiingereza cha kidato cha pili, pengine angeelewa.

Miezi michache baadaye Mjomba Kyalo alifika Kawangware. Alikuja na mfuko wa maembe, akaketi kwenye mtungi, akazungushazungusha maneno kabla ya kusema lililomleta. Hakuwa akilala vizuri, akasema. Mama yao alikuwa akimjia ndotoni. Alikuwa amezungumza na wanawe, wakakubaliana kwamba Susu awekwe kando ya mama siku yake ikifika. Kama angetaka, angemwita chifu waandike.

Mimi nilikuwa pale, nakula embe. Nakumbuka jinsi Susu alivyonyoosha mgongo.

"Kyalo, asante," akasema. "Lakini uliniambia niko na baba yangu, na ni ukweli. Nimempata. Amelala mahali pazuri na wazazi wake, na watu wake wananijua. Nimewaandikia tena. Ninangoja."

"Ailandi ni mbali, dada. Nani atakupeleka?"

"Hiyo ni ishu yangu," Susu akasema, na kunikonyeza.

Mjomba Kyalo aliangalia mikono yake. Akaondoka na hakurudi tena na maneno hayo.

Ni kweli tulikuwa tumeandika tena. Barua ya pili niliiandika kwa furaha. Niliwashukuru kwa kumtunza babu yetu, nikaweka ndani picha ndogo ya Susu iliyopigwa studio, akiwa na kile kitambaa cheupe. Haikujibiwa. Tukaandika ya tatu. Susu alisema posta ya siku hizi imeharibika. Akasema padri amehamishwa. Akasema Waailandi ni watu wa polepole, hata baba yake alikuwa wa polepole. Miaka ikapita hivyo, na mimi nikaingia sekondari.

Nilikuwa kidato cha pili, kipindi cha historia baada ya chakula, darasa zima linasinzia. Mwalimu wetu alikuwa anasoma habari za ufalme fulani: mfalme alifariki "without issue", kwa hiyo kiti kikaenda kwa ndugu yake. Nikainua mkono.

"Mwalimu, kama alikufa bila ishu, mbona mtoto wake hakurithi?"

Darasa likaamka kwa kicheko. Mwalimu mwenyewe alitabasamu. "Mtoto gani, Mwende? Ishu hapo ni mtoto. Alikufa bila kuzaa. Wewe ulidhani ni shida gani?"

Nilikaa. Naikumbuka harufu ya chaki na ya maharagwe, na sauti ya mwalimu ikiendelea mbali kama ya mtu aliye chumba cha pili. Hakuoa na hakuzaa. Ndivyo watu wake walivyomjibu Susu: hatukujui, hukuwahi kuwepo. Nami niliwasomea watu wa Kawangware kwa sauti ya redio, kisha tukala chapati.

Nilimwambia Mama jioni hiyo. Alikuwa anashona sare za shule, na hakuinua mguu kwenye cherehani mpaka mstari ukaisha. Kisha akakunja kile kitambaa.

"Nilijua iko kitu," akasema. "Mtu hapati jibu moja halafu kimya miaka yote hiyo."

Jumamosi tulisafiri sisi wawili kwenda Machakos, bila kumwambia Susu, kumwomba Mjomba Kyalo arudie ile ahadi yake. Tulimkuta amekaa nje, mguu mmoja umevimba kwa sukari. Alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyoosha mkono kuelekea nyuma ya nyumba, pale palipokuwa na mipera. Palikuwa na ukuta wa mawe, na nyuma yake paa la mtu mwingine.

"Vijana wangu waliuza," akasema. "Kaburi la mama yetu tulilisongeza huku mbele, hapo kwa mlango. Mimi mwenyewe sijui wataniweka wapi."

Susu alikuwa ameanza kuumwa kifua. Hakuuza mboga tena, na kwa kuwa hakukaa juani hakuhitaji ile dawa. Ngozi yake ikabaki laini na nyeupe kama ya mtu mgeni. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kumwambia ukweli. Njia nzima kutoka Ngong Road nilikuwa napanga maneno. Nilipoingia akatabasamu, akaingiza mkono chini ya mto na kuutoa ule mfuko wa kitambaa, mshono ukiwa umefumuliwa.

"Nisomee tena," akasema. "Sasa uko sekondari, utasoma vizuri zaidi."

Nikaifungua. Karatasi ilikuwa imeingia manjano kwenye mikunjo. Nilisoma kuhusu kurudi kutoka Afrika, kuhusu kaka yake, kuhusu kaburi la wazazi. Nikafika pale. Susu alikuwa amefumba macho, midomo ikinitangulia.

"Hakuoa mwingine," nikasema. "Na alikufa bila shida yoyote."

"Na ile ya mwisho? Ile uliisoma haraka siku ile."

Sikujua kwamba aligundua. Niliiangalia ile sentensi. Padri alisikitika kwamba hangeweza kutusaidia zaidi katika jambo hili.

"Wanakusalimia, Susu. Wanasema wanakungoja."

Akashusha pumzi ndefu. "Waambie nimechelewa kidogo," akasema. "Ni hii kifua tu."

Alifariki kabla ya shule kufungwa. Hatukuwa na mahali pa kumpeleka ila makaburi ya umma. Ofisini mfanyakazi alijaza fomu, akauliza jina, umri, dini. Kisha akauliza, "Nyumbani kwake ni wapi?" Mama alinigeukia. Nikasikia sauti yangu ikisema Kawangware. Aliandika bila kuinua kichwa. Tulimzika katikati ya safu ndefu, kati ya watu tusiowajua, na Mama Wambo ndiye aliyeimba. Tuliweka msalaba wa mbao wenye jina. Hatukuweza zaidi.

Mama naye alifuata, miaka mingi baadaye. Nilipobaki peke yangu nikaanza kuitafuta ile familia upya, safari hii mtandaoni, kwa simu. Sasa Kiingereza changu hakikuwa na tatizo. Nilipata kijiji, nikapata majina kanisani, nikapata mwanamke mzee aliyeitwa Delaney na aliyekuwa akikusanya habari za ukoo wao. Nilimwandikia kila kitu, hata neno nililokosea. Sikutarajia jibu.

Lilikuja baada ya siku tatu. Alisema Denis alikuwa kaka wa baba yake. Alisema baba yake alipozipokea zile barua zetu kutoka kwa padri alizitia motoni, yeye akiona, na hakumruhusu mtu kuuliza. Ile picha ya Susu aliiokota yeye mwenyewe, akaificha miaka yote bila kujua ni ya nani. Alisema ameilinganisha na ya bibi yake na amelia. Aliomba msamaha. Kisha akaomba jambo moja: nimtumie picha ya kaburi la Brijita, aiweke kwenye kitabu cha ukoo pamoja na jina lake, kama mtoto wa Denis.

Nilivaa vizuri siku hiyo. Nilinunua maua na kitambaa cha kupangusia msalaba. Nilihesabu safu, nikazihesabu tena kutoka upande wa pili, nikasoma majina hadi macho yakauma. Mwishowe nikamwita mwanamume aliyekuwa anafyeka nyasi, nikamwambia mwaka aliozikwa na upande tulioingilia.

"Hiyo ya mbao?" akauliza. "Mlilipia ya kudumu ama ile ya muda?"

"Sijui. Mama ndiye aliyelipa."

Aliangalia kule nilikoonyesha, ambako misalaba ilikuwa mipya na udongo bado umevimba. "Zile za muda zilishaingia watu wengine, dada. Kitambo. Hapa nafasi hakuna."

Nilisimama pale na simu mkononi. Nilitaka kusali, lakini sikujua nielekee upande gani. Maua nikayaweka juu ya kaburi lililokuwa karibu, la mtoto fulani wa miezi minane, nikarudi nyumbani.

Yule mama wa Ailandi ameniandikia mara mbili tangu siku hiyo. Anauliza kama nilipata ujumbe wake, na kama nina shida yoyote. Bado sijamjibu.